Neno la Siri Lililopotea

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

KABLA YA KUSIKILIZA. Kiongozi wa darasa aandike ubaoni maneno haya matano: tovuti, msimamizi, neno la siri, barua pepe, seva. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Wenye simu wazinyamazishe mpaka somo litakapokwisha.

MWALIMU: Wasikilizaji wapenzi, hamjambo? Natumaini mmekwisha keti na mko tayari. Katika somo lililopita tulijifunza namna ya kusoma habari katika tovuti. Leo tutazungumza juu ya shida inayowapata wenye tovuti wenyewe, nayo ni kupotelewa na neno la siri la msimamizi. Pamoja nami wamo wanafunzi wawili wa darasa kama lenu, Mzee na Mama. Wao wataniuliza yale ambayo labda nanyi mngependa kuuliza. Karibuni.

MZEE: Ahsante, Mwalimu.

MAMA: Ahsante. Lakini, Mwalimu, mimi sina tovuti. Somo hili lanihusu nini?

MWALIMU: Swali zuri, Mama. Huna tovuti, lakini huenda chama chako kinayo, au shule ya watoto wako, au ushirika wenu wa mazao. Ngojeni niwape mfano. Huu ni mfano tu wa kufundishia, si habari ya chama cha mtu fulani.

Fikirini chama cha wafugaji wa nyuki huko Tabora, ambako asali ni kazi ya tangu zamani. Wanachama ni thelathini na sita. Miaka minne iliyopita walifungua tovuti yao, wakawa wanaandika humo habari za mavuno, bei ya asali na nta, na namba ya simu ya kuagizia. Aliyeitengeneza alikuwa katibu wao, kijana hodari na mwaminifu. Yeye ndiye aliyeandika habari zote, na yeye peke yake ndiye aliyejua neno la siri. Kisha katibu yule akafariki dunia.

MAMA: Masikini! Mungu amlaze mahali pema.

MWALIMU: Amina. Basi miezi ikapita, chama kikachagua katibu mwingine. Siku moja akaja mnunuzi kutoka mjini, naye amekasirika. Alikuwa amekwisha tuma fedha za madebe ishirini ya asali kwenye namba iliyoandikwa katika tovuti, na asali hakuiona. Kamati ikatazama namba ile. Ilikuwa laini ya simu ya marehemu. Nanyi mjue kwamba laini isipotumika muda mrefu, kampuni ya simu huweza kuifunga, na baadaye namba ile ile ikapewa mtu mwingine. Basi fedha za mnunuzi zilikwenda kwa mtu asiyejua nyuki wala mzinga.

MZEE: Lakini, Mwalimu, mtu akituma fedha kwa simu huonyeshwa kwanza jina la mpokeaji.

MWALIMU: Kweli, Mzee wangu, na mnunuzi yule aliliona jina. Ila yeye hakumjua mhazini wa chama kwa jina. Alidhani ndiye.

MZEE: Basi si waifute namba ile upesi, wasije wengine wakapotelewa na mali yao!

MWALIMU: Ndivyo walivyotaka. Lakini kuibadili namba kwataka kuingia katika tovuti kwa cheo cha msimamizi, na kuingia kwataka neno la siri. Tovuti ni yao, ada ya kila mwaka wanalipa wao, lakini mlango umefungwa nao wako nje. Tazameni jinsi jambo dogo linavyoweza kuleta hasara na kuharibu jina jema la watu thelathini na sita.

NENO LA SIRI NA MSIMAMIZI

MWALIMU: Sasa tueleze maneno yetu ya ubaoni. Tovuti ni kurasa za habari zinazosomwa kwa simu au kompyuta kwa njia ya intaneti. Kurasa hizo huhifadhiwa katika kompyuta kubwa isiyozimwa usiku wala mchana, nayo huitwa seva. Aghalabu seva si mali ya chama. Ni mali ya kampuni fulani, na chama hulipa kodi ya kuweka kurasa zake humo, kama mtu apangavyo chumba cha duka.

Msimamizi ni mtu mwenye mamlaka yote katika tovuti. Wengine huweza kusoma tu, au kuandika tu. Msimamizi huweza kuandika, kufuta, kuongeza watu na kuwaondoa. Ili ajulikane kuwa ndiye, hutaja jina lake la kuingilia na neno la siri. Wengine huliita nywila. Kwa kazi yake ni ndugu wa ile namba ya siri mnayotumia kutolea fedha kwenye simu.

Tovuti ya chama chetu cha mfano imetengenezwa kwa programu iitwayo WordPress. Programu hii ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Hupatikana bure, na tovuti nyingi sana duniani zimejengwa kwayo. Kwa hiyo nitakayoeleza leo yatawafaa watu wengi.

KWA NINI NENO LENYEWE HALIRUDI

MAMA: Mwalimu, mimi naona njia ni fupi. Kampuni yenye seva ndiyo iliyotunza tovuti. Basi iulizwe: neno la siri la katibu lilikuwa lipi? Iwaambie, mambo yaishe.

MWALIMU: Watu wengi hufikiri hivyo, Mama, tena wakiambiwa na kampuni kwamba halijui, hudhani wanadanganywa. Kumbe ni kweli, kampuni hailijui. Hata kompyuta yenyewe hailijui. Nanyi mtaona sababu yake mkisikia habari ya zamani kidogo.

Mwaka 1961, katika chuo kikuu cha MIT huko Marekani, wataalamu wakiongozwa na Fernando Corbató walionyesha kompyuta iliyoweza kutumiwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja. Mtambo huo uliitwa CTSS. Kwa kuwa watu walikuwa wengi na kompyuta ni moja, kila mmoja alipewa neno lake la siri, mwingine asiingilie kazi yake. Lakini maneno yote yaliandikwa katika faili moja, wazi wazi, kama majina katika daftari la mahudhurio.

Mwaka 1962 mtu mmoja aliyekuwa akisoma hapo, Allan Scherr, aliona saa za kutumia kompyuta alizopewa hazimtoshi. Akaiagiza kompyuta ichapishe faili lile. Nayo ikachapisha! Akawa na maneno ya siri ya watu wote. Baadaye, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, likatokea kosa jingine. Mafaili mawili yalibadilishana mahali, na kila aliyeingia akasomeshwa orodha ya maneno ya siri ya wenzake badala ya tangazo la siku.

MZEE: Loo! Siri ikawa mbiu ya mgambo.

MWALIMU: Ndipo wataalamu walipoona kwamba orodha ya namna ile haifai. Huko Cambridge, Uingereza, Roger Needham na wenzake wakafikiri njia ya kutoliweka neno lenyewe kabisa. Njia yao nitaieleza kwa mfano wa mahindi.

Mkipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, hutoka unga. Je, Mama, unga ule waweza kuurudisha uwe mahindi?

MAMA: Hata kidogo.

MWALIMU: Basi kompyuta hufanya vivyo hivyo. Siku unapoweka neno la siri, hulisaga, likawa mfululizo wa herufi na tarakimu usiosomeka. Huweka unga, mahindi huyatupa. Siku nyingine unapotaka kuingia, huchukua neno uliloliandika, hulisaga tena kwa njia ile ile, kisha hulinganisha unga na unga. Ukiwa sawa, mlango hufunguka. Usipokuwa sawa, hukaa nje.

MZEE: Na watu wawili wakichagua neno moja bila kujuana? Unga wao si utafanana? Mwizi akijua la mmoja, amejua la mwenzake.

MWALIMU: Mzee umefikiri kama wataalamu wenyewe. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara ya Bell huko Marekani, walieleza dawa yake. Kila neno hutiwa kitu kidogo cha kubahatisha kabla ya kusagwa, na kila mtu hutiwa cha kwake. Kitu hicho wataalamu hukiita chumvi, ndiyo hiyo hiyo chumvi ya jikoni. Basi hata maneno mawili yakiwa sawa, unga wake hutofautiana.

Sasa jambo hili liandikeni katika daftari zenu, nami nitalisema polepole. Neno la siri lililopotea halirudishwi. Huwekwa jipya mahali pake. Kwa hiyo swali la chama chetu lisiwe, "Neno la marehemu lilikuwa lipi?" Swali liwe, "Ni nani anayeruhusiwa kuweka jipya, naye atathibitishaje kwamba ana haki?"

NJIA ZA KUINGIA TENA

MWALIMU: Njia ziko nne, nasi tutazifuata kwa zamu, kuanzia iliyo nyepesi.

Njia ya kwanza ni kutazama kama mlango uko wazi bado. Kompyuta au simu iliyokuwa ikitumiwa huenda imekumbuka neno la siri, au haijatoka katika tovuti tangu siku ile. Kama chama kina kompyuta yake, ifungueni, mwende kwenye anwani ya tovuti, muongeze mwishoni mstari mmoja ulioinama na maneno wp-admin. Mkijikuta ndani, msitoke! Nendeni kwenye ukurasa wa habari za mtumiaji, mweke neno jipya papo hapo. WordPress haitawauliza neno la zamani, maana mmekwisha kuwa ndani.

MAMA: Na kama kompyuta ilikuwa ya marehemu mwenyewe, iko nyumbani kwake?

MWALIMU: Hapo yataka adabu. Waende wazee wawili wa chama, wampe pole mjane, waeleze shida yao. Wasiingie chumbani, wala wasiichukue kompyuta waende nayo. Afungue mtu wa nyumba ile, nao wakae karibu. Mna mambo mengi ya mtu katika kompyuta yake: picha, barua, hesabu zake. Chama kina haki juu ya tovuti tu.

Njia ya pili ni msimamizi mwingine. Kama yuko mtu mwingine mwenye cheo hicho hicho, yeye aweza kuingia, kufungua orodha ya watumiaji, na kumwekea mwenzake neno jipya. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini chama chetu, kama nilivyosema, kilikuwa na msimamizi mmoja.

Njia ya tatu ndiyo inayotumiwa na wengi, nayo ni barua pepe. Kwenye ukurasa wa kuingilia, chini ya nafasi za kuandikia, yako maneno madogo yanayouliza kama umepoteza neno lako la siri. Bonyeza hapo. Utaombwa jina lako la kuingilia au anwani yako ya barua pepe. Andika, kisha fungua sanduku lako la barua pepe. Utakuta barua yenye kiungo, yaani maandishi ya kubonyeza. Ukibonyeza utapelekwa mahali pa kuandika neno jipya.

Yako mambo matatu ya kukumbuka hapa. Kwanza, kiungo hicho hudumu siku moja tu, na kikitumika mara moja kimekwisha. Pili, ukiomba mara tatu kwa haraka zako, utaletewa barua tatu, lakini kiungo cha mwisho ndicho kitakachofanya kazi. Vya kwanza vimekufa. Tatu, barua isipoonekana, tazama katika sanduku la barua taka. Aghalabu huangukia huko.

MZEE: Kwa nini waitumie barua pepe? Siwezi mimi kuibonyeza pale, nikasema mimi ndimi msimamizi?

MWALIMU: Waweza kubonyeza, Mzee, lakini barua haitakuja kwako. Itakwenda kwenye anwani iliyoandikwa tangu mwanzo. Tovuti haioni sura yako, wala haijui sauti yako. Inachojua ni hiki tu: mwenye kuweza kufungua sanduku lile la barua ndiye mwenyewe. Kwa hiyo, wasikilizaji, anwani ya barua pepe ni ufunguo wa ufunguo. Anayeishika ndiye aishikaye tovuti.

Na hapo ndipo chama chetu kilipokwama mara ya pili. Anwani iliyoandikwa ilikuwa ya katibu mwenyewe, ya mambo yake binafsi. Nayo ikipotea, hurudishwa kwa ujumbe unaotumwa kwenye namba yake ya simu.

MAMA: Na namba imekwisha chukuliwa na mtu mwingine!

MWALIMU: Naam. Wakijaribu njia hiyo, namba za siri zitakwenda kwa mgeni. Mgeni huyo, akiwa mwovu, ataweza kuingia yeye. Kwa hiyo hawakujaribu. Wakageukia njia ya nne.

Njia ya nne ni kupitia kwa mwenye seva. Kampuni ya seva haijui neno la siri, lakini inamjua mpangaji wake, yaani anayelipa. Katibu mpya akaenda na barua ya chama yenye mhuri, nakala ya cheti cha kuandikishwa, muhtasari wa mkutano uliomchagua, na stakabadhi za ada za miaka minne. Stakabadhi hizo alikuwa amezitunza mhazini, mama mmoja asiyejua hata kuwasha kompyuta, lakini ajuaye kwamba karatasi ya malipo haitupwi.

MAMA: Hongera yake! Huyo ndiye aliyewaokoa.

MWALIMU: Ndiye hasa. Kampuni ikaridhika, ikawapa njia ya kuingia katika chumba chao ndani ya seva. Wakamtafuta fundi wanayemwamini, na katibu akaketi pembeni yake akitazama kila hatua.

Fundi alianza kwa kuchukua nakala ya kila kitu, ili mkono ukiteleza pawe pa kurudia. Kisha akafungua programu iitwayo phpMyAdmin, inayoonyesha madaftari ya tovuti. Humo mna jedwali la watumiaji, ambalo kwa kawaida huitwa wp_users. Kila mstari ni mtu mmoja: jina lake la kuingilia, unga wa neno lake la siri, na anwani yake ya barua pepe.

Kutoka hapo ziko njia mbili. Moja ni kuifuta anwani ya zamani na kuandika mpya ya chama, kisha kurudi kwenye ukurasa wa kuingilia na kuomba kiungo kama nilivyoeleza. Ndiyo aliyoichagua fundi wetu. Ya pili ni kuandika neno jipya katika safu iitwayo user_pass. Lakini ukiandika hivi hivi, mlango hautafunguka.

MZEE: Ngoja, Mwalimu, hilo nalijibu mimi. Ni kwa sababu ameweka mahindi mahali pa unga!

MWALIMU: Barabara, Mzee! Kompyuta italisaga neno lako, ilinganishe unga na punje, ione havifanani. Kwa hiyo fundi hana budi kuchagua, kando ya neno lile, njia ya kusaga iitwayo MD5. Hiyo ni ya zamani na ni dhaifu, lakini WordPress bado huikubali kwa kuingia mara ya kwanza. Ukiisha kuingia, hulisaga neno lako upya kwa njia iliyo imara. Tangu toleo la 6.8, lililotoka mwezi wa Aprili 2025, njia hiyo huitwa bcrypt.

BAADA YA KUINGIA

MWALIMU: Katibu mpya akaingia. Je, mnadhani alifanya nini kwanza?

MAMA: Akaifuta namba ya simu.

MWALIMU: Ndiyo. Aliifuta namba, akaandika mpya, na chini yake jina la mhazini, ili mnunuzi aonapo jina katika simu ajue kama ndilo. Akaweka na tangazo kuwaonya wanunuzi juu ya namba ya zamani. Kisha akatazama orodha ya watumiaji, asije akakuta mtu asiyejulikana. Mwisho akafikia jina la marehemu.

MZEE: Akalifuta?

MWALIMU: Hapana. Ukimfuta mtumiaji, WordPress hukuuliza: habari alizoziandika zifutwe pamoja naye, au zipewe mtu mwingine? Ukijibu kwa haraka waweza kupoteza kazi ya miaka minne. Kamati ilikuwa imekwisha shauriana. Walimwondolea cheo cha usimamizi, wakalibadili neno la siri ili mtu yeyote asiingie kwa jina lake, na habari zake wakaziacha na jina lake juu yake. Mtoto wake akikua atazisoma.

MAMA: Wamefanya vema.

ONYO JUU YA WADANGANYIFU

MWALIMU: Sasa nina onyo. Mtu akiwa na shida ya namna hii, hujitokeza wasaidizi wengi. Mmoja atakupigia akisema, "Mimi natoka kwenye kampuni ya seva, nitajie neno lako la siri." Mwingine atasema, "Nitalitoa neno lako la zamani kwa shilingi kadhaa, tuma kwanza." Kumbukeni unga na mahindi. Anayekuahidi kulirudisha neno lile lile kutoka katika seva, mwulize atatoaje punje katika unga. Na mfanyakazi mwaminifu wa kampuni yo yote hana haja ya kujua neno lako la siri, wala namba ya siri ya fedha zako.

Tena jueni kwamba njia hizi ni za mwenye mali. Kuingia katika tovuti ya mtu mwingine bila ruhusa ni kosa. Hapa Tanzania limekatazwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya wanayo sheria ya namna hiyo ya mwaka 2018. Kufungua nyumba yako uliyosahau ufunguo si sawa na kuvunja ya jirani.

KINGA

MZEE: Mwalimu, kinga ni bora kuliko tiba. Chama chetu nasi kina ukurasa katika intaneti. Tukitoka hapa leo tufanye nini?

MWALIMU: Fanyeni mambo matano, Mzee wangu.

La kwanza, fungueni anwani ya barua pepe ya chama, si ya mtu. Viongozi hubadilika, chama hubaki. Namba ya simu ya kuirudishia nayo iwe ya chama, na laini hiyo itumike mara kwa mara isije ikafungwa.

La pili, wawe wasimamizi wawili, kila mmoja na jina lake na neno lake la siri. Wasitumie neno moja kwa pamoja, maana likitokea kosa haitajulikana ni la nani.

La tatu, neno liwe refu. Unganisheni maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo ninyi mtayakumbuka lakini mtu mwingine hawezi kuyabahatisha. Msitumie jina la chama wala mwaka wa kuzaliwa. Na neno la tovuti lisiwe lile lile la barua pepe.

La nne, andikeni yote katika karatasi: anwani ya tovuti, kampuni ya seva, tarehe ya kulipa ada, jina la kuingilia na neno la siri. Tieni karatasi katika bahasha, muifunge, watu wawili watie sahihi juu ya mfuniko, iwekwe katika sanduku la fedha la chama. Neno likibadilishwa, na bahasha ibadilishwe siku ile ile.

MAMA: Si tumeambiwa neno la siri lisiandikwe?

MWALIMU: Lisiandikwe likabandikwa ukutani au katika meza ya kazi, Mama. Lakini katika sanduku lenye kufuli, pamoja na hati na fedha za chama, ni salama. Hasara ya chama chetu cha mfano haikuletwa na mwizi aliyeiba karatasi. Ilikuja kwa sababu karatasi haikuwapo.

La tano, kiongozi akitoka, makabidhiano yake yawe na tovuti pia. Kama akabidhivyo mhuri, vitabu vya hesabu na funguo za ghala, vivyo hivyo akabidhi na neno la siri, na mkutano uandike katika muhtasari.

MZEE: Mimi nina swali la mwisho, nalo ni la kuona haya kidogo. Kumwambia katibu wetu, kijana mwema, atupe neno lake la siri tuliweke sandukuni, hataona kwamba hatumwamini?

MWALIMU: Mwambieni kama mlivyosikia leo. Katibu wa mfano wetu alikuwa mwaminifu mpaka mwisho, na uaminifu wake haukuwazuia wenzake kupata hasara. Bahasha si ya kumpeleleza. Ni ya kumpumzisha, asibebe mzigo wa watu thelathini na sita peke yake. Awe na homa, awe safarini, kazi itaendelea.

MZEE: Nimeridhika. Kesho nitamwita.

MWALIMU: Ahsanteni sana, Mzee na Mama. Nanyi wasikilizaji, ahsanteni kwa kutusikiliza. Sasa zimeni redio, mfungue daftari, na kiongozi wa darasa aendeshe mazungumzo. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MANENO YA SOMO

Tovuti: kurasa za habari zinazosomwa kwa intaneti.
Seva: kompyuta inayohifadhi tovuti.
Msimamizi: mwenye mamlaka yote katika tovuti.
Neno la siri, au nywila: neno linalothibitisha kuwa wewe ndiwe.
Kiungo: maandishi ya kubonyeza yanayokupeleka mahali pengine.
Jedwali: orodha iliyopangwa kwa mistari na safu.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini kampuni ya seva haikuweza kuwatajia wanachama neno la siri la marehemu? Elezeni kwa mfano wa mahindi na unga.
2. Taja njia nne za kuingia tena, kwa zamu yake.
3. Kwa nini chama hakikujaribu kuirudisha anwani ya barua pepe kwa namba ya simu ya zamani?
4. Mhazini hakujua kutumia kompyuta. Alisaidiaje?
5. Katika chama, kanisa, msikiti au shule yenu, ni mambo gani yanayojulikana na mtu mmoja tu? Akiondoka leo, mtafanyaje?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanafunzi aandike barua fupi ya mistari minane kwa katibu wa chama chake, akimwomba kwa adabu aandae bahasha ya chama. Neno lenyewe la siri lisiandikwe katika barua hiyo. Barua zisomwe darasani siku ya somo lijalo.